Kurumbiza Aliyejiuliza na Kujijibu

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ananivuta shati. Baada ya ibada, kisimani, hata pale kwenye kinu cha unga: "Wanjala, kwani kulienda vipi?" Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila ninayemwambia hubeba kipande chake na kukitia chumvi. Juzi nimesikia ati nilifungwa Saboti kwa wizi wa ng'ombe. Basi nimekaa chini niandike yote mara moja, anayejua kusoma amsomee asiyejua. Mambo ya ruhusa na vibali nayaruka, hayo mnayajua na yanachosha.

Bustani, Kitale

Kazi yangu mnaijua, na mnaicheka. Wenzangu wanapalilia, mimi napalilia na kuhesabu ndege. Memsabu wangu, mjane yule wa viatu vya kiume, ana daftari ambalo kila ndege anayetua katika bustani yake huandikwa. Masikio yake yamezeeka, kwa hiyo yangu ndiyo yanayofanya kazi. Lakini ana sheria moja hailegezi. Nikimkimbilia na habari ya ndege, kabla hajashika kalamu huniuliza, "Wanjala, wewe naona ama nasikia?" Ndege niliyemsikia tu huandikwa kwa penseli, na penseli inafutika. Niliyemwona kwa macho yangu ndiye huandikwa kwa wino.

Mwezi mzima wa kupanda nilikuwa nyumbani kwetu, upande wa Kamukuywa. Ulikuwa mwezi mbaya. Baba aliwaita wazee akawaambia amechoka kungoja, amekubali kumzika kaka yangu Nyongesa.

Nyongesa alikwenda vitani pamoja na Kundu, mtoto wa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Walitahiriwa siku moja, na walitoroka siku moja. Walipofika kwa waandikishaji walitoa majina ya uongo ili wazazi wasiwafuate. Kwa hiyo vita vilipokwisha, wengine walirudi, wengine zilirudi barua za vifo vyao, lakini sisi hatukupata mtu wala karatasi. Hiyo ni miaka minne sasa.

Kwetu, aliyepotelea mbali hukatiwa mgomba. Mgomba huviringishwa shuka, ukalazwa kaburini mahali pake, ukaliliwa. Baada ya hapo yeye ni wa kaburini, na hata akitokea kesho mzimamzima hana mlango wa kuingilia. Ndiyo maana mama alikataa kukubali. Mama Kundu, ambaye ni mjane na hana mtoto mwingine, alisema neno moja tu mbele ya wazee: "Hawa wawili waliondoka pamoja. Mkimzika wenu, na mimi sina tena wa kumngoja." Wazee wakainamisha vichwa, lakini siku ikapangwa: Jumamosi.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo nilikuwa nimerudi hapa Kitale, nimechutama kwenye kitalu cha maua, nikasikia mluzi ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni.

Lazima niwaeleze mluzi wenyewe. Nyongesa na Kundu walipokuwa wakichunga, mmoja huku na mmoja ng'ambo, Nyongesa aliuliza kwa sauti tatu zinazopanda. Ile ya tatu ilivuja hewa, fss, kwa sababu ndama alimng'oa jino la mbele kwa pembe. Kundu alijibu kwa sauti mbili zinazoshuka, safi kabisa. Maana yake ilikuwa, "Uko?" na "Niko." Hapakuwa na wengine duniani walioupiga.

Na sasa ulikuwa ukitoka katika ua wa Memsabu: sauti tatu, ya mwisho inavuja. Niliacha jembe. Ndani ya ua, badala ya mtu, alikaa kurumbiza, yule ndege wa tumbo la rangi ya chungwa na nyusi nyeupe. Mnamjua tabia yake, huiga kila kitu: mwewe, mlango unaolia, mpishi anayemwita mbwa. Lakini haigi asichokisikia. Mtu fulani alikuwa amepita karibu na ua ule nilipokuwa nyumbani, akapiga mluzi siku nyingi za kutosha kumfundisha ndege.

Nilimwendea mchungaji wa ng'ombe wa jirani. "Eeh," akasema, "kulikuwa na jamaa hapa na ng'ombe ya kukokota. Alikaa wiki tatu. Pengo hapa mbele. Sisi tulimwita Sajini, jina yake sijui. Alienda Saboti, bana."

Memsabu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa siku mpaka Jumatatu na kidaftari kidogo cha mfukoni. Hata kwa msiba ni lazima ndege waandikwe.

Kitale hadi Saboti, kwa gari la ng'ombe

Jumanne alfajiri nilipata gari la ng'ombe linalopeleka mbegu Saboti. Mwenye gari aliniambia tutafika kabla jua halijakaa kichwani. Mwongo huyo! Mimi nisiyeweza kukaa hata ibada nzima bila kutikisa mguu, niliketi juu ya magunia nikitazama matako ya ng'ombe kumi na wawili wasio na haraka na mtu.

Kwenye kinamasi cha kwanza gurudumu lilizama. Tulisukuma, tukakata matawi, tukasukuma tena. Korongo wenye taji walikuwa wanacheza pale majini, wanarukaruka na kufungua mabawa, na mwenye gari akaacha kusukuma ili awatazame.

"Si uwaandike kwa kitabu yako?" akasema.

"Nimewaandika. Sukuma."

"Wewe una haraka kama mtu ameacha sufuria kwa moto. Kula kwanza." Akatoa mahindi ya kuchoma na maziwa lala katika kibuyu. Nikala nikiwa nimesimama, na kusema kweli yalikuwa matamu, lakini sikumpa raha ya kulisikia hilo. Nilikuwa nikihesabu siku kwa vidole. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, na kidole cha tano kilikuwa kaburi.

Tulifika jua limekwisha kuzama nyuma ya Elgon, nikalala katika kibanda cha mwenye gari.

Saboti

Jumatano asubuhi nilifanya kosa ambalo ndilo mnalonichekea. Badala ya kwenda kuuliza watu kama mtu mwenye akili, nilikwenda kwenye ua mrefu wa shamba moja nikasimama nikisikiliza. Nilijiambia, ndege wa Kitale ndiye aliyenileta, ndege wa Saboti ataniambia zaidi. Asiposema kitu, nampigia mimi ule mluzi, kisha natega sikio.

Jiulizeni wenyewe: mgeni, amesimama nyuma ya ua wa zizi, anapiga mluzi na kungoja kujibiwa. Kabla sijafika mti wa nne wa ua ule nilikuwa nimeshikwa mikono na watu wawili, na nyapara wao, mtu mfupi wa kule mlimani, akanizunguka polepole.

"Unaita nani?"

"Nasikiliza ndege, bwana mkubwa."

"Ati ndege! Hata mwizi ya ng'ombe ya juzi alisema yeye nasikiliza tu." Akafungua kidaftari changu. "Na hii? Korongo nane. Kwarara mbili. Hii ni hesabu ya ng'ombe yetu, sivyo? Umewapa jina ya ndege!"

Niliapa kwa majina yote ninayoyajua. Wakanifungia katika ghala la mahindi. Nilitembea humo ndani, ukuta hadi ukuta, hatua sita, siku nzima. Panya walinizoea. Walinipa uji baridi na nusu ya kiazi, na nilipopaza sauti kwamba kaka yangu anazikwa Jumamosi naye hajafa, nikamsikia mmoja nje akimwambia mwenzake kwamba mwizi huyu ni mwendawazimu pia. Nililia, msidhani sikulia.

Alhamisi asubuhi nyapara alinitoa. Nadhani alikuwa amelifikiria usiku. "Kama wewe ni mtu ya ndege," akasema, "ile iko kwa paa ni nini?"

"Mbayuwayu."

"Hiyo hata mtoto yangu anajua." Ndipo kichakani mbele yetu ikatoka sauti kama kengele ndogo, na mwishoni mwake mlio mkavu kama wa chura. "Na ile?"

Nilijua, na roho yangu ikapanda. "Hao ni wawili," nikamwambia. "Watu hudhani ni ndege mmoja, lakini dume huanza na jike humaliza, bila kuacha nafasi hata ya pumzi. Rusha jiwe uone."

Akarusha. Wakatoka ndege wawili weusi wa kifua cheupe, mmoja kushoto, mmoja kulia. Nyapara alicheka mpaka akashika magoti. Nami nilisimama pale nimetuna, mtu anayeweza kusikia sauti moja na kuwatenganisha wawili. Kumbukeni nilivyotuna, maana ndiko kulikonifanya nikafanya kosa la pili.

"Sajini mwenye pengo namjua," akasema huku akinirudishia kidaftari. "Aliazimwa hapa kulima. Yeye ni wa Kachibora. Analala kwa boma ya Mama Njeri, wale Wakikuyu wako na ua ya miiba. Pole, ndugu. Si ungesema mapema wewe ni mjuzi?"

Kwenda Kachibora

Kachibora iko upande wa pili kabisa wa Kitale! Siku mbili zangu zilikuwa zimekwenda kinyume. Nilishuka mpaka Kitale nikitembea na kukimbia, hapo nikadandia lori la mikebe ya maziwa lililokuwa likirudi tupu Cherangani, kupitia Kachibora. Mikebe iligongana mpaka nikahisi inanigongea ndani ya kichwa. Sikuandika ndege hata mmoja njia nzima. Memsabu alipouona baadaye ukurasa ule mweupe, aliugeuza tu.

Mama Njeri alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kitambaa cheupe kichwani na msalaba wa shaba, aliyehamia huku na mumewe kutoka Nyeri zamani. Alinikaribisha vizuri, akanipa githeri ya moto yenye viazi, akaongeza bila kuniuliza. Nilipotaja mtu mwenye pengo, mwiko wake ulisimama kidogo tu.

"Hakuna mtu kama huyo hapa," akasema.

"Nimeambiwa analala hapa, mama."

"Watu husema mingi. Kula."

Nilieleza tena, nikataja jina Nyongesa. Hakulijua jina hilo, na kwa kweli bomani kwake Nyongesa aliitwa jina lingine. Baadaye ndipo nilipoelewa. Aliona kidaftari na penseli mfukoni mwangu, akadhani mimi ni mtu wa serikali niliyekuja kuandika watu. Alinilisha mpaka nikashindwa kupumua, huku akinidanganya usoni. Wala simlaumu, maana hata mimi nikimwona mtu na penseli nafunga mlango.

Nililala jikoni kwake, kama kugeukageuka ndiko kulala.

Asubuhi ya Ijumaa

Kulipopambazuka nilikuwa nimesimama nje, umande mpaka magotini. Kurumbiza akaanza katika ua wa miiba. Sauti tatu, zikipanda, ya tatu ikivuja. Kisha, kutoka ndani ya ua uleule, zikaja sauti mbili zikishuka.

"Uko?" "Niko."

Mnaelewa nilichosikia? Yule wa Kitale alikuwa na swali peke yake. Huyu alikuwa na jibu. Kurumbiza haigi asichokisikia, kwa hiyo hapa palikuwa na mtu anayeuliza na mtu anayejibu. Nyongesa na Kundu! Mimi, mjuzi wa Saboti, mtenganisha wawili, sikuhitaji mtu kunieleza. Mama Njeri alikuwa ameficha wanaume wawili, si mmoja.

Na hapohapo barabarani lori lilikuwa likinguruma. Nilikimbia. Kando ya dereva alikaa mfanyabiashara wa vitunguu kutoka kwetu, mzee Makokha, ambaye boma lake na letu yanatazamana. Angekuwa Kamukuywa kabla ya jioni. Lori jingine halikuwapo mpaka alasiri.

"Mulembe, mzee! Mwambie baba asichimbe! Nyongesa yu hai!"

"Nyongesa? Wewe Wanjala, usicheze na wazee."

"Yu hai, naye Kundu. Wote wawili! Mwambie Mama Kundu."

Akanitazama. "Wote wawili. Umewaona?"

Dereva alikuwa ameshatia gia. Nikasema, "Ndiyo."

Neno hilo ndilo ninalolitafuna mpaka leo. Lori likaondoka na vitunguu vyake, na habari yangu juu ya vitunguu, imeandikwa kwa wino.

Niliporudi, Mama Njeri alikuwa mlangoni. Sijui aliona nini usoni mwangu, machozi labda, au kicheko. Alinishika mkono bila neno akanipeleka nyuma ya ghala. Mtu alikuwa ameketi kwenye gogo anarekebisha kamba ya nira. Alikuwa amekonda, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati wake. Aliinua kichwa.

"Wanjala," akasema, na pengo likaonekana.

Nilimkumbatia mpaka nira ikaanguka. Nilimpiga mgongo, nikamtukana, nikambusu kichwa. Kisha nikatazama huku na huku. "Na Kundu? Ameenda shamba?"

Nyongesa akaokota nira.

"Kundu yuko wapi?"

"Kundu alibaki Burma. Homa, mwaka wa pili. Nilimfukia mimi mwenyewe."

"Nimesikia jibu lake! Sasa hivi, pale uani!"

"Ni langu," akasema. "Napiga la kwangu, halafu napiga lake. Nikiacha la kwangu likae peke yake siwezi kulala."

Laiti ningesikiliza vizuri! Usiku uliofuata wote nilikuwa nikilipitia jibu lile masikioni, na kila mara nilisikia kile ambacho asubuhi sikukisikia. Sauti mbili za jibu nazo zilikuwa zinavuja hewa. Kundu hakuwa na pengo.

Akaniambia kwa nini hakurudi. Ni yeye aliyemshawishi Kundu kwenda, na siku ya kutoroka alipita kwa Mama Kundu kuomba maji, akamwambia kwa mzaha kwamba akiondoka na mwanawe atamrudisha. Mama Kundu akacheka. "Nitasimama mbele yake na nini?" Nyongesa akaniuliza. "Rudi. Waache wazike mgomba. Ni haki yangu."

Ndipo ikanibidi nimwambie habari ya lori.

Aliweka nira chini. "Umemtumia Mama Kundu habari kwamba mwanawe yu hai?"

"Ndiyo."

Aliingia ndani akatoka amevaa viatu.

Kachibora hadi Kamukuywa

Mama Njeri alitufungia viazi vitamu na kuku mzima katika majani, akasali juu ya vichwa vyetu kwa Kikikuyu. Tulitembea, tukapata lori la alasiri, likaharibika kabla ya Kitale. Dereva alilala chini yake akiimba. Nilizunguka lori lile kama mbwa aliyefungwa, nikimpa spana ambazo hakuziomba, mpaka akasema, "Ndugu, wewe kaa chini, unatisha hata injini." Nyongesa alikaa ukingoni mwa barabara, ametulia. Yeye alijua anakokwenda. Mimi ndiye niliyetaka kufika kabla ya maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa yamepanda lori zima.

Tulilala Kitale. Jumamosi alfajiri tulipata gari la kwanza la kwenda chini. Kwenye daraja la Kamukuywa tukashuka, tukashika njia ya miguu. Kwarara walipita juu wakipiga kelele. Nyongesa akasema, "Mto umepungua." Nikamwambia ndiyo, wamelima mpaka kando.

Nyumbani

Baba alikuwa amechimba. Mzee yule na haraka zake. Sasa mnajua nilikorithi. Aliogopa mvua, akachimba Ijumaa asubuhi, na Makokha alipofika na habari shimo lilikuwa tayari limekwisha, kina cha mtu, mbele ya nyumba.

Mama alimwona Nyongesa kutoka mbali, akadondosha mtungi. Siwezi kuandika jinsi alivyolia. Watu walikuwa wengi, vigelegele juu ya vigelegele, na baba alikuja akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili yenye udongo wa kaburi lake.

Lakini shimo kwetu halirudi mikono mitupu. Likiachwa wazi litamwita mtu mwingine wa boma. Kwa hiyo wazee waliulaza mgomba hivyohivyo, bila jina, bila kilio, na Nyongesa akasimama ukingoni akatupa udongo wa kwanza. Wengine walicheka. Mjomba wetu mmoja alimwuliza kama amelala vizuri humo. Ningecheka nami kama nisingekuwa nikitazama kijito.

Mama Kundu alikuja akipanda kutoka ng'ambo, kitambaa kipya kichwani, mikono bado na harufu ya samadi mbichi aliyosiribia nyumba. Alibeba bakuli limefunikwa. Nilijua ni kuku, na juu yake firigisi, ile anayotengewa mwanamume wa nyumba. Alimkumbatia Nyongesa kwa mkono mmoja, kisha akachungulia nyuma yake. Akachungulia njia yote mpaka kwenye kona.

"Mwenzako amebaki dukani?"

Nyongesa alipiga magoti.

Mama Kundu akanigeukia mimi. "Wanjala, mwanangu. Ni wewe uliyeleta habari. Ulimwona, au ulimsikia?"

"Nilimsikia, Mayi."

"Ulisikia nini? Nipigieni nisikie."

Nilimtazama Nyongesa. Akiwa bado magotini alipiga: sauti tatu zikipanda, kisha mbili zikishuka. Mama Kundu alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyosikiliza zamani akiwa jikoni kwake, kujua ng'ombe wako wapi.

"Hewa inavuja huku na huku," akasema. "Hukusikia, Wanjala?"

Aliweka bakuli chini, akaondoa kitambaa kile kipya, akakaa juu ya nyasi. Ndipo Nyongesa akamweleza yote, tangu maji aliyoomba mpaka homa mpaka shimo alilochimba kwa mikono yake mbali kule.

Alasiri hiyo watu walichukua majembe yaleyale, udongo wetu ungali umeshika kwenye makali, wakavuka kijito. Nyongesa alichimba kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakumpa mtu jembe. Mimi nilikata mgomba. Mama Kundu aliuviringisha mwenyewe kwa shuka aliyokuwa ametandika kitandani kwa ajili ya mwanawe, na safari hii kilio kilikuwa na jina.

Nyongesa amebaki kwa Mama Kundu. Anamlimia, anamchotea maji, na yeye bado hajasema kama amemsamehe, wala mimi hajaniambia. Nilipomuaga alinipa lile bakuli nikalirudishe jikoni kwake, likiwa tupu, limeoshwa.

Mimi nimerudi hapa. Memsabu aliuliza kama nilipata ndege mpya, nikamwambia nilipata mmoja kule Kachibora, akashika kalamu ya wino. Nikamwomba atumie penseli. Na huyu kurumbiza wa ua wetu bado analia kila asubuhi, ile nusu aliyojifunza, sauti tatu zinazopanda, halafu ananyamaza na kungoja. Mkipita mapema mtaniona nimesimama kati ya maua, mkono mdomoni, nisije nikamjibu.